Ng'ombe Mwenye Kupiga Pembe

Somo: Kutoka 21:28-29

Neno letu la leo ni sheria ambayo kila mfugaji ataielewa. Ng'ombe asiyejulikana kwa ukali akiua mtu, hatia ni ya ng'ombe peke yake. Mwenyewe hana lawama. Lakini ikiwa watu walikwisha kumwambia, "Huyu wako ni mkali," naye akamwacha azurure, damu ile inamfuata mwenye ng'ombe mpaka nyumbani kwake.

Basi tujiulize swali gumu. Mtumishi wa kanisa akimdhuru mtoto, je, kanisa lenyewe lijibu mbele ya sheria, au ni yeye peke yake?

Sikieni jambo lililotokea miongoni mwetu Waprotestanti. Huko Uingereza alikuwako wakili mashuhuri, John Smyth. Hakuwa kasisi, lakini alikuwa msomaji wa kanisa, tena kiongozi wa kambi za vijana Wakristo. Aliwachukua wavulana nyumbani kwake, akawachapa viboko hata wakatoka damu, akisema kwamba ndivyo dhambi inavyotubiwa. Mwaka 1982 kasisi mmoja aliandika taarifa ya mambo hayo. Viongozi wachache waliisoma, wakanyamaza. Polisi hawakuambiwa. Mwaka 1984 Smyth akahamia Zimbabwe, akaanzisha kambi nyingine, na watoto wa huko nao wakapigwa. Mwaka 1993 wachungaji kadhaa wa Bulawayo walikataa kunyamaza, wakamwendea wakili ili achunguze. Hata hivyo mtu huyo hakupatikana na hatia kamwe. Alifia Cape Town mwaka 2018. Ripoti iliyotolewa Novemba 2024 ilionyesha kwamba alikuwa ameumiza watoto na vijana zaidi ya 100, na kwamba tangu 2013 wakuu wa kanisa walijua na hawakufuatia ipasavyo. Siku chache baadaye Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, alitangaza kujiuzulu.

Ng'ombe alijulikana. Mwenyewe alionywa. Hakumfunga, akaingia katika boma la watu wengine.

Ndugu yangu, labda utasema, "Paulo alitukataza kushtakiana mbele ya wasioamini." Kweli, katika 1 Wakorintho 6 anawakemea ndugu wanaogombania mali na haki zao. Lakini katika Warumi 13 anafundisha kwamba serikali imewekwa na Mungu imwadhibu mtenda maovu. Kumwumiza mtoto si ugomvi wa ndugu wawili ambao wazee wataumaliza kwa chai. Ni uhalifu.

Mwingine atauliza, "Je, sadaka ya mjane ilipe deni la dhambi ya mchungaji?" Swali hilo lina uzito. Lakini mjane huyo huyo ndiye aliyempeleka binti yake kwenye shule ya Jumapili. Na binti hakumfuata mtu yule kwa sababu ya sura yake. Alimfuata kwa sababu sisi tulimvika kola, tukamkabidhi funguo, tukamsimamisha mbele na kusema, "Huyu ni mtumishi wa Mungu." Imani ya mtoto yule tuliijenga sisi.

Hapa kwetu Kenya, mwaka 2015, Mahakama Kuu ilitoa hukumu juu ya mwalimu aliyewadhulumu wasichana wawili wa shule. Haikumlaumu mwalimu peke yake. Ilisema kwamba shule, Tume ya Kuajiri Walimu na Serikali walipaswa kuwajibika pamoja naye, maana aliyempa mtu mamlaka juu ya watoto ana wajibu wa kuwalinda. Kesi ile ilikuwa ya shule, lakini nasi makanisani tunawapa watu mamlaka juu ya watoto. Tusidhani kwamba msalaba ulio juu ya paa utatukinga na swali lile lile.

Kwa hiyo nasema, ndiyo, kanisa lijibu. Sheria inayotuuliza, "Mlijua lini, na mlifanya nini?" si adui wa Injili. Eli naye aliulizwa na Mungu habari za wanawe. Aliwakemea kwa maneno, lakini hakuwazuia.

Wazee wa kanisa, mtoto akiwaletea neno kama hili, msimwambie anyamaze kwa ajili ya jina la kanisa. Msimhamishe mtumishi huyo parokia nyingine, wala msipokee mbuzi wa suluhu. Mwondoeni mtu huyo karibu na watoto siku ile ile. Mpelekeni mtoto hospitali, mkaarifu polisi au afisa wa watoto. Pia kuna nambari 116, ya kuwasaidia watoto, ambayo haina malipo. Jina la kanisa Bwana atalitunza mwenyewe. Watoto ametukabidhi sisi.

Tuombe. Ee Baba, utusamehe kwa siku tulizojua tukanyamaza. Uwaponye walioumizwa nyumbani mwako. Utupe ujasiri wa kusema kweli, hata ikitugharimu. Katika jina la Yesu. Amina.