Kushusha Abiria: Hatua ya Mwisho Kati ya Chombo na Nchi Kavu

Watu wengi hudhani kwamba safari ya majini imekwisha pale chombo kinapoonana na gati. Injini hupunguzwa mwendo, kamba hutupwa, na abiria husimama wote kwa pamoja, kila mmoja akishika mzigo wake na kutafuta kwa macho ndugu aliyekuja kumpokea. Hata hivyo mabaharia wazoefu, na askari ambao wamewahi kusimama zamu kivukoni, wanajua kwamba dakika zile ndizo zinazohitaji uangalifu mkubwa kuliko saa zote zilizotangulia. Chombo kilichostahimili mawimbi ya ziwa zima kinaweza kupinduka mbele ya macho ya watu waliosimama ufukoni. Kwa hiyo ni jambo la manufaa kueleza jinsi abiria wanavyoshushwa, hatari inatoka wapi, na wajibu wa mlinzi wa amani ni upi mahali hapo.

Kwa wakazi wa Ayivu, na kwa wenzao wa Koboko, jambo hili huenda likaonekana kuwa la mbali. Mji wa Arua umejengwa juu ya nyanda za juu, kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na hakuna meli inayoweza kuufikia. Lakini historia yaonyesha kwamba kwa miaka mingi mlango wa Arua ulikuwa bandari. Bandari hiyo ni Rhino Camp, iliyoko ukingoni mwa Mto Nile, zaidi ya kilomita 50 mashariki ya mji, na ambayo tangu Julai 2019 imo katika Wilaya ya Madi-Okollo. Hapo ndipo Rais mstaafu wa Marekani, Theodore Roosevelt, alipopiga kambi mwaka 1910 akiwinda vifaru weupe, wakati nchi hiyo ingali ikiitwa Lado. Mwaka 1914 West Nile ilipowekwa chini ya Uganda na Arua ikawa makao makuu ya wilaya, bidhaa na watu wengi wa serikali mpya walipita katika ukingo huo huo.

Njia ile ilikuwa ndefu na yenye vituo vingi. Msafiri kutoka pwani alipanda treni mpaka Namasagali, akavuka Ziwa Kyoga kwa meli hadi Masindi Port, akachukuliwa kwa gari kupitia Masindi hadi Butiaba, ukingoni mwa Ziwa Albert. Hapo alipanda meli kama Samuel Baker, au Robert Coryndon iliyoanza kazi mwaka 1930, na wengine wakaendelea kuteremka na Nile hadi Pakwach, Rhino Camp na Nimule. Watalii wa Ulaya waliipenda njia hiyo kwa sababu iliwafikisha Juba na hatimaye Khartoum na Misri. Lakini watalii walikuwa wachache. Abiria wengi walikuwa wananchi: vijana wa Kilugbara na Kialur waliokwenda kutafuta kazi katika mashamba ya miwa na pamba ya kusini, wafanyabiashara, na vijana walioandikishwa katika jeshi la KAR. Pamba na tumbaku ya West Nile ilishuka kwa njia hiyo. Chumvi, nguo na barua zikapanda.

Sasa mtu aweza kuuliza: kwa nini meli ziliweza kupita hapo, na kwa nini kushuka kulikuwa na taabu? Jibu liko katika tabia ya mto wenyewe. Baada ya kuporomoka katika Maporomoko ya Murchison na kuingia Ziwa Albert, Nile hutoka kaskazini ya ziwa ikiwa pana na yenye mwendo wa polepole, na haikutani na mawe makubwa mpaka Nimule. Mto wa namna hiyo unafaa sana kwa meli. Lakini ufuko wake haufai kwa urahisi huo. Kingo ni tambarare, zimefunikwa na mafunjo, na mara nyingi visiwa vya majani hung'oka na kuelea mpaka vikaziba njia. Tena maji hupanda na kushuka. Gati lililojengwa kwa kipimo cha mwaka huu laweza kuzama mwaka ujao, au likaachwa juu ya tope.

Mfano wa jambo hili ulionekana wazi katika miaka ya mwanzo ya 1960, mvua kubwa ziliponyesha na maziwa yote ya eneo hili yakafurika. Bandari ya Butiaba iliharibiwa, na Robert Coryndon ikazama hapo hapo mwaka 1964. Mwaka huo huo reli ilifika Pakwach, na enzi ya meli za abiria ikamalizika. Mafuriko yalirudi tena katika siku zetu. Mwezi Mei 2020 kipimo cha Ziwa Victoria huko Jinja kilifika mita 13.42, kikaipita rekodi ya mita 13.41 iliyowekwa mwaka 1964, na mialo mingi ya nchi ikafunikwa na maji. Funzo lake ni kwamba mahali pa kushukia hapakaguliwi mara moja na kusahauliwa. Hupasa kukaguliwa kila maji yanapobadilika.

Mahali ambapo chombo kikubwa hakiwezi kuufikia ufuko, watu wamebuni njia mbalimbali za kuvuka nafasi inayobaki. Katika pwani ya Afrika Mashariki, kwa miaka mingi meli zilitia nanga mbali, na abiria wakashushwa kwa ngazi hadi ndani ya mashua, huku mizigo ikiteremshwa katika matishari. Dar es Salaam ilipata magati yake ya maji ya kina mwaka 1956 tu. Katika kisiwa cha Santorini, nchini Ugiriki, taabu iko juu ya nchi kavu yenyewe: meli za watalii hutia nanga chini ya jabali lenye kimo cha zaidi ya mita 200. Abiria huletwa kwa mashua hadi chini ya jabali, na kutoka hapo zamani walipanda kwa punda au kwa miguu. Mwaka 1979 ikajengwa njia ya vibanda vinavyoning'inia na kuvutwa kwa kamba ya chuma hadi mjini.

Mtambo huo wa Ugiriki unafundisha kanuni moja inayofaa hata kwenye mwalo mdogo kabisa wa Nile. Mashua zinaweza kuleta watu haraka kuliko vibanda vinavyoweza kuwapandisha. Basi ikiwa meli itawaachia abiria wote kwa pamoja, msongamano hautakuwa melini tena. Utahamia ukingoni mwa maji, mahali pembamba kuliko pote. Kwa hiyo idadi ya watu wanaoruhusiwa kutoka chomboni haina budi kulingana na idadi ambayo nchi kavu inaweza kuipokea na kuiondoa. Iwe ni kibanda cha chuma, ubao mmoja wa kushukia, au lori moja la kuwapeleka watu Arua, sehemu iliyo nyembamba ndiyo inayoamua mwendo wa wote.

Hatari yenyewe ina sababu zinazoeleweka. Ya kwanza ni uzito kuhamia upande mmoja. Watu 20 wenye uzito wa kilo 65 kila mmoja hufanya kilo 1,300, yaani zaidi ya tani moja. Wakikimbilia upande wa gati kwa wakati mmoja, ni sawa na kuhamisha gari dogo kutoka upande mmoja wa chombo hadi mwingine. Ya pili ni kusimama. Mtu aliyeketi chini huuweka uzito wake karibu na maji, na chombo hutulia. Akisimama, uzito hupanda juu, na chombo huyumba kwa msukumo mdogo. Ya tatu ni chombo kurudi nyuma. Anayeruka kutoka katika mashua isiyofungwa huisukuma mashua kwa mguu wake, nafasi hupanuka chini yake, naye huangukia kati ya mashua na gati. Ya nne ni maji yaliyoingia ndani, ambayo hukimbilia upande ulioinama na kuuongezea uzito.

Sababu hizi zimekwisha kuua watu wengi. Siku ya Krismasi mwaka 2016, mashua iliyowachukua wachezaji wa mpira na mashabiki wao kutoka Buliisa ilipinduka katika Ziwa Albert, na ilielezwa kwamba abiria walikuwa wakishangilia na kusogea upande mmoja. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara, katika Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Kilikuwa kimeruhusiwa kuchukua abiria 101, nacho kilichukua zaidi ya mara mbili ya hao, na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha. Taarifa za wakati ule zilisema kwamba abiria walianza kusogea upande mmoja kivuko kilipokaribia kutia gati. Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua iliyotoka Minova ilizama katika Ziwa Kivu ilipokuwa ikikaribia kutia nanga Kituku, mjini Goma. Katika misiba hii miwili ya mwisho, waliokuwa wakingojea ufukoni waliwaona jamaa zao wakizama.

Lingekuwa kosa kufikiri kwamba misiba ya namna hiyo huanza kwenye gati la kushukia. Huanza kwenye gati la kupandia, pale ambapo hakuna anayehesabu. Chombo kilichojaa kupita kiasi hakina nafasi ya kusamehe kosa la abiria wake. Ndiyo maana hesabu ya watu ni silaha ya kwanza ya askari wa kivukoni. Hesabu hiyo hufanywa watu wanapopanda, huandikwa, na hurudiwa wanaposhuka. Idadi mbili zisipolingana, yapo mambo matatu tu: kuna aliyepanda bila kuhesabiwa, kuna aliyeshuka njiani, au kuna aliyeanguka majini. Kila moja kati ya hayo lataka uchunguzi bila kuchelewa.

Kazi ya kushusha abiria ina utaratibu wake. Kwanza, chombo hufungwa kwa kamba za mbele na za nyuma, na hakuna mtu anayeinuka kabla nahodha hajatamka. Amri hutoka kwa mtu mmoja; wakiamuru watu watatu, abiria hawatamsikiliza hata mmoja. Pili, watu huitwa kwa safu, wale wa upande wa gati na wale wa upande wa pili wakipishana, ili chombo kisiiname. Wagonjwa, wazee na akina mama wenye watoto hupewa mkono na hawasukumwi nyuma. Tatu, mizigo hubaki mpaka watu wamekwisha kutoka, kwa sababu mwenye gunia begani haoni anapokanyaga. Nne, koti la kuokolea halivuliwi chomboni. Huvuliwa juu ya nchi kavu. Tano, wanaotaka kupanda husimama mbali mpaka wa mwisho ameshuka. Vijito viwili vya watu vikikutana juu ya ubao mmoja, ubao utakuwa mtego.

Upande wa nchi kavu ndipo hasa penye kazi ya askari. Wapo madereva wa bodaboda wanaogombea abiria, wapo wachukuzi, wapo wauzaji, na wapo ndugu wenye hamu ya kupokea wageni wao. Hakuna mwovu kati yao, lakini wote wakijaa ukingoni, anayeshuka hana mahali pa kuweka mguu, na walio nyuma yake wanaendelea kumsukuma. Askari mmoja mwenye sauti ya upole na msimamo thabiti, akiuweka umati hatua 20 kutoka majini, huokoa watu wengi kuliko mzamiaji hodari atakayeitwa baadaye. Fimbo na makelele havifai hapo, maana mtu aliyetishwa hukimbia, na kukimbia ndiko kunakopindua chombo.

Uzito wa jambo hili haujapungua kwa kuwa daraja la Pakwach lipo. Vivuko vya Laropi, Obongi, na kile cha kati ya Wanseko na Panyimur, vimewavusha wananchi, magari na wakimbizi kutoka Sudan Kusini na Kongo. Kando yao zimo mashua ndogo za wavuvi ambazo siku ya gulio hugeuka kuwa mashua za abiria. Sheria ya Usafiri wa Majini ya Uganda ya mwaka 2021 inataka vyombo vikaguliwe na vipewe leseni. Lakini sheria haiwezi kusimama yenyewe ukingoni mwa mto saa kumi na mbili jioni, mvua ikikaribia na mwenye mashua akisema kwamba nafasi ya watu watano zaidi bado ipo. Atakayesimama hapo ni askari, na neno lake la kukataa litamgharimu lawama za watu wenye haraka.

Lawama hizo ni ndogo. Mkimbizi aliyeyanusurika mapigano, mama anayerudi kutoka sokoni, na kijana aliyemaliza likizo yake na kurudi kikosini, wote wanastahili kufika. Mgambo, polisi na mwanajeshi aliyepewa zamu kivukoni na aelewe kwamba zamu yake haimaliziki kamba inapofungwa. Humalizika abiria wa mwisho anapokanyaga nchi kavu, na hesabu ya walioshuka ikalingana na hesabu ya waliopanda.