Gugu karoti: mbona jana halikuwasha, leo linawasha?

Pembezoni mwa barabara za Arusha kuna mmea wenye majani kama ya karoti na vimaua vyeupe vidogo vidogo. Ukiuona hivi hivi unaweza kudhani ni pambo. Hilo ni gugu karoti, kisayansi Parthenium hysterophorus. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, na hapa Tanzania liliripotiwa kwanza Arusha mwaka 2010.

Sasa, sisi wa Tandala kule Makete, ya Arusha yanatuhusu nini? Yanatuhusu, maana gugu hili linapanda gari. Mmea mmoja unaweza kutoa mbegu hadi 25,000, nyepesi, zinazonasa kwenye tope la matairi na kwenye magunia. Viazi vyetu vinapita Njombe na Makambako, pale barabara ya Songea inapokutana na ile ya Dar es Salaam na Mbeya. Malori yanayobeba viazi hurudi na vitu vya kila kona. Na tusijifiche nyuma ya milima: Ethiopia nayo ina nyanda za juu, na imehangaika nalo tangu miaka ya 1980.

Tuje kwenye aleji. Majani na shina vina vinyweleo vyenye kemikali iitwayo parthenini. Ikipenya kwenye ngozi, inajishikiza kwenye protini za mwili. Seli za kinga zinaona kitu kigeni na kukiweka kwenye kumbukumbu. Hapo wewe husikii chochote. Unaling'oa msimu wa kwanza, pengine na wa pili, unasema, "Hili halina shida." Halafu siku moja unaligusa, na baada ya siku moja au mbili ngozi inavimba, inawasha, inatoa malengelenge. Kumbe muda wote mwili ulikuwa unajifunza! Na ukishajifunza, mara nyingi hausahau tena. Dawa hutuliza upele tu. Mzio wenyewe unabaki.

Si lazima hata uliguse. Vumbi la majani makavu hupeperuka, ndiyo maana upele hutokea usoni, kwenye kope na shingoni. Chavua yake huleta chafya na mafua, na mwenye pumu anaweza kubanwa kifua. Ng'ombe nao wakilila, maziwa huwa machungu.

Utalitambuaje? Likiwa changa, majani hulala chini yamejitandaza duara. Baadaye huinua shina lenye mifereji na vinyweleo, linaloweza kupita mita 1.5. Usilichanganye na pakanga, ambayo ukiifikicha inanukia sana.

Ukiliona, usimtume mtoto akang'oe kwa mikono mitupu eti kwa kuwa jana hakuwashwa. Vaa glovu, mikono mirefu, funika pua na mdomo. Ling'oe na mizizi, udongo ukiwa na unyevu, kabla halijatoa maua. Linaweza kuchanua wiki nne tu baada ya kuota. Usilitupe kwenye mboji wala usiwape mifugo. Osha jembe na viatu kabla ya kuingia shamba lingine, kisha mwambie afisa ugani wa kata.

Mche mmoja kando ya barabara unang'oleka kwa dakika moja. Ukiachwa ukachanua, msimu ujao ni kazi ya kijiji kizima.