Dirisha Fiche Linamficha Nani?

Chrome, kivinjari cha Google, ilipoanza kutumiwa mwaka 2008 ilikuja na hali fiche, na alama yake ikawa kofia na miwani ya mpelelezi wa sinema. Safari, kivinjari cha Apple, ilikuwa na uwezo huohuo tangu 2005, bila mbwembwe. Naona kofia ile imeharibu mengi, kwa sababu inaahidi kwamba mtumiaji atapita asijulikane, wakati kazi yenyewe ni ndogo zaidi. Ukifungua dirisha fiche, kivinjari hakitumii vidakuzi vyako vya zamani, yaani vile vijifaili ambavyo tovuti humtambulia mgeni aliyewahi kufika. Vipya hukaa kwa muda, kisha ukifunga madirisha hayo yote hufutwa pamoja na historia na ulichojaza kwenye fomu. Faili ulilopakua hubaki kwenye simu. Tena ombi lako husafiri kwa njia ileile: kampuni iliyokuuzia bando kwa kawaida huliona jina la tovuti uendako hata mawasiliano yakiwa yamesimbwa, na seva hukupokea kwa anwani ileile ya IP. Ukiingia kwenye barua pepe yako humo, umejitaja mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba hayo yote yameandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa dirisha lenyewe, asiyesoma ajilaumu. Hoja hii ilipimwa. Mwaka 2018 watafiti wa vyuo vikuu vya Chicago na Hannover waliwaonyesha watu 460 maelezo ya aina hiyo, kisha wakawauliza maswali. Zaidi ya nusu waliamini kwamba hata mtu akiwa ndani ya akaunti yake ya Google, aliyoyatafuta hayatahifadhiwa. Walikuwa wametoka kusoma! Na maelezo yenyewe hayakuwa kamili: kesi iliyofunguliwa California mwaka 2020 ilidai kwamba zana za Google zilizopachikwa kwenye tovuti nyingine ziliendelea kukusanya taarifa za waliokuwa katika hali fiche. Google ilikana kosa, lakini katika mapatano ya 2024 ilikubali kuharibu mabilioni ya kumbukumbu na kuyaandika upya maelezo ya ukurasa ule.

Je, basi haina faida? Inayo, na pengine huku kwetu kuliko kwa wenye kompyuta za peke yao. Kwenye saiba za Nairobi watu hujaza ritani za kodi za KRA na fomu za serikali za eCitizen kwa mashine ya mwenye duka, na nyumbani simu moja huzunguka kwa ndugu watatu. Hapo dirisha fiche likifungwa, anayekaa kitini baada yako haikuti akaunti yako wazi. Linamzuia yeye tu. Mwenye mashine akiwa ameweka programu ya kunasa kila herufi inayochapwa, nenosiri lako analo kabla hujafika kwenye kitufe cha kufunga.