Nyoa Nywele, Usikwangue Ngozi

Ndugu msomaji, shika kisogo chako. Pitisha vidole pale nywele zinapokomea, juu kidogo ya shingo. Je, pana vipele vigumu kama punje za mtama? Kama vipo, habari hii inakuhusu. Kama havipo, soma pia. Huenda wewe ndiye unayemnyoa mwanao au jirani yako.

Vipele hivi huwapata zaidi wanaume wenye nywele nzito za kipilipili. Watu wengi husema vinaletwa na mashine chafu ya kinyozi. Vijana wengine hugombana na kinyozi wao, wakamhama. Wengine hununua mashine yao wenyewe na kuifuta kwa spiriti kila siku. Lakini vipele haviishi. Kwa nini?

Sababu kubwa ni jinsi nywele zetu zinavyoota. Unywele wa singa huota umenyooka. Unywele wa kipilipili huanza kujipinda ukiwa bado ndani ya ngozi, kama mundu. Ukiukata karibu sana na ngozi, ncha yake hubaki kali. Unapokua tena, hujipinda na kurudi kuichoma ngozi. Mwili huuona kama mwiba wa porini, nao hupigana na mwiba huo. Pale pale huvimba na kuwasha. Wakati mwingine hutoa usaha. Ndevuni mambo ni hayo hayo.

Vipele hivyo haviambukizi. Huwezi kumpa mtu, wala yeye hawezi kukupa. Lakini mtu akiendelea kunyolewa mpaka ngozi ing'ae, kipele huacha kovu. Kovu hukutana na kovu. Mwisho huwa nundu ngumu isiyoota nywele.

Yupo kijana mmoja anayekuja kwenye zahanati yetu. Kazi yake ni bodaboda. Nundu zake zimeungana, zimetoka karibu na sikio hili mpaka karibu na lile. Kofia ngumu inazisugua kutwa nzima. Kuivua hawezi, maana barabarani kofia hiyo ni uhai wake. Kwa miaka alikuwa akichongwa kisogo kwa wembe kila Jumamosi, kwa kupenda mstari ulionyooka. Tumemwandikia barua ya kwenda hospitali. Huko zipo sindano za kupunguza kovu, na wengine hupasuliwa. Lakini kovu la zamani ni gumu kuondoka, na wakati mwingine hurudi.

Basi tunyoe vipi? Osha kichwa kwanza kwa maji na sabuni. Nywele zikiwa na unyevu, zichane kwa chanuo lenye meno mapana. Anza kwenye ncha, shuka polepole mpaka kwenye shina. Ukivuta kwa nguvu kutoka kwenye shina, unazikata na kuumiza ngozi. Zikisha kusimama, pitisha mkasi juu ya chanuo. Chanuo ndilo linaloilinda ngozi. Ukitumia mashine, ivike kile kitana chake cha plastiki. Zitazame nywele zinavyolala, uzifuate. Usizikate kinyume, hasa kisogoni.

Ziache nywele za kisogoni ziwe na urefu usiopungua unene wa njiti ya kiberiti. Ziwe za kushikika kidogo kwa vidole. Mstari hautakuwa mkali kama ule wa mjini, lakini shingo itabaki salama. Mwenye vipele tayari aache kabisa wembe kisogoni. Asivitumbue. Asivae shati lenye kola inayobana. Vikitoa usaha, aje zahanati.

Wazee wangu vinyozi, shikamooni. Mimi ni kijana, na wengine mlianza kushika mkasi kabla sijazaliwa. Najua mteja akisema "kwangua yote", kumkatalia ni kumfukuza. Hata hivyo mwelezeni kwanza. Atakayevimba kisogo atakuja kulaumu mashine yenu, na mashine haina kosa.

Lakini msije mkasema kijana wa zahanati amesema uchafu haudhuru. Uchafu wa vyombo huleta magonjwa mengine, na hayo huambukiza. Wembe ukikata ngozi hubeba damu. Katika damu inaweza kuwamo homa ya ini aina ya B, na pia virusi vya Ukimwi. Virusi vya homa hiyo ya ini huweza kuishi nje ya mwili, kwenye damu iliyokauka, kwa siku 7 au zaidi. Huwezi kuviona kwa macho. Kwa hiyo wembe mmoja ni wa kichwa kimoja, hata kama vichwa viwili ni vya ndugu wa tumbo moja. Ukisha kutumika, utupe chooni.

Mkasi uoshwe kwa sabuni, kisha uchemshwe. Maji yakianza kutokota, hesabu dakika 20. Mashine haichemshwi. Izime, ichomoe kwenye umeme, iondolee nywele kwa brashi, halafu futa meno yake kwa spiriti ya asilimia 70 na uyaache yakauke yenyewe. Chanuo la plastiki lioshwe kwa sabuni, kisha liloweke dakika 10 katika dawa ya klorini. Dawa ikiwa ya asilimia 3.5, changanya kipimo 1 na vipimo 6 vya maji. Soma karatasi ya chupa, maana dawa hazilingani nguvu. Baadaye lisuuze.

Kuna mapunye pia. Hayo huonekana zaidi kwa watoto: duara lenye magamba, nywele zimekatika. Yanaletwa na kuvu, nayo hupita kutoka kichwa hadi kichwa kwa mashine, chanuo na kofia. Hapa ndipo watu wengi hupaka mafuta ya taa au maji ya betri. Mafuta ya taa huunguza ngozi. Maji ya betri ni tindikali. Hata dawa ya kupaka ya dukani peke yake haitoshi, kwa sababu kuvu imejificha ndani ya shina la unywele. Mtoto anahitaji vidonge vya kumeza kwa wiki kadhaa, kwa kipimo cha uzito wake. Mlete zahanati apimwe uzito. Ndugu zake wanaolala naye kitanda kimoja waje naye, tuwatazame vichwa wote siku hiyo hiyo.