Tuzijue Mbao Kabla ya Kuzipokea

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, kama kwingineko nchini, kamati za shule na zahanati hununua vifaa vya ujenzi na kusimamia mafundi zenyewe. Kwa hiyo, saini ya mjumbe wa mapokezi ni kinga ya mwisho ya fedha za umma. Mbao mbovu zikishapauliwa, kasoro yake hujificha juu ya dari hadi siku kenchi itakapolegea juu ya vichwa vya wanafunzi. Makala hii inaeleza mambo ambayo mjumbe asiye fundi anaweza kuyakagua mwenyewe.

Aina na unyevu

Paini hutoka katika mashamba ya miti, kama lile la Sao Hill wilayani Mufindi. Ni nyepesi na hupigika misumari kwa urahisi, lakini isiyotiwa dawa huliwa upesi na mchwa. Mkaratusi, ambao wananchi wengi wa Tarime huupanda, una nguvu, ila hupasuka na kujipinda ukikaushwa kwa haraka. Mninga na mvule hudumu sana, lakini bei yake huzifanya zifae zaidi kwa milango na samani.

Mbao hunywea kwa upana na unene inapokauka, wala si kwa urefu. Ndiyo maana mlango uliotengenezwa kwa mbao mbichi wakati wa masika huacha nyufa kiangazi kikifika. Mbao zipangwe kivulini, juu ya matofali, zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite. Ili kujua kama zimekauka, kipande kimoja kipimwe kwenye mizani ya duka kila wiki. Uzito ukiacha kupungua, mbao ziko tayari.

Kasoro za kukagua

Inua ncha moja ya mbao hadi usawa wa jicho, utazame urefu wake wote: mpindo utaonekana mara moja. Kisha kagua mafundo. Fundo dogo lililoshikamana halina madhara makubwa; lililokufa na kulegea huacha tundu. La hatari zaidi ni fundo kubwa lililo ukingoni, hasa upande wa chini wa boriti, katikati ya urefu wake, kwa kuwa hapo ndipo mbao huvutika zaidi inapobeba mzigo. Mbao yenye vitundu vinavyotoa unga, sehemu laini iliyooza, au ufa unaopita kutoka uso mmoja hadi wa pili, irudishwe. Madoa ya bluu kwenye paini hayapunguzi nguvu sana, lakini huonesha kuwa ilikaa mbichi kwa muda mrefu.

Rangi ya kijani peke yake si uthibitisho wa dawa. Kata ncha ya mbao moja uone kama dawa imeingia ndani au imepakwa juu tu. Vilevile, vipande vya mbao zilizotiwa dawa visitumiwe kamwe kupikia uji wa wanafunzi, kwani dawa inayotumika sana ina aseniki, ambayo ni sumu.

Mwisho, pima kwa futi kamba. Mbao ya mbili kwa nne iliyopungua nusu inchi haibebi mzigo uliokusudiwa.

Viungo

Dawati huvunjika kwenye kiungo kabla ya kuvunjika kwenye mbao. Msumari uliopigwa kwenye ncha ya mbao hushika kidogo, kwa sababu hupenya sambamba na nyuzi, na mtikisiko wa kila siku huulegeza. Kiungo cha ulimi na tundu ni imara zaidi: ulimi huchongwa kwa unene wa takriban theluthi moja ya mbao, ukaingizwa kwenye tundu lililochimbwa kwa patasi na kukazwa kwa gundi. Ulimi uingie kwa kubana. Unaocheza hauponywi na gundi.

Kabla ya kusaini

Muuzaji atoe risiti na hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Kamati ikiwa na shaka, isisaini. Imwite Ofisa Misitu au Mhandisi wa Halmashauri. Kuzirudisha mbao mbovu siku ya mapokezi ni rahisi kuliko kuezua paa baadaye.