Mota: Tabaka Linaloshika Slabu Bila Kuonekana

Chukua mpini wa nyundo, pita kwenye baraza au njia yoyote iliyotandikwa slabu juu ya zege, ugonge moja baada ya nyingine. Nyingi zitajibu kwa mlio mzito na mfupi. Ukifika kwenye ile inayolia kama debe tupu, umeipata itakayong'oka. Zege linaweza kuwa zuri, na slabu yenyewe nzima. Tatizo liko kwenye mota, lile tabaka la sentimita 3 au 4 lililo katikati yao.

(Hapa hatuzungumzii vitofali vya pevingi vinavyopangwa juu ya mchanga. Hivyo vina kanuni zake.)

Watu wengi huamini kwamba mota hushika kwa kukauka. Sivyo. Saruji ikikutana na maji huanza mmenyuko wa kikemia unaotoa joto, na kwenye kila chembe huota fuwele nyembamba zinazosokotana na kupenya vitundu vya zege chini na vya slabu juu. Kwa hiyo mota hukomaa hata ikizama majini. Chokaa ya matumbawe iliyojenga Kilwa na Gedi haikuwa hivyo: yenyewe hukomaa polepole kwa kufyonza hewa ya kaboni. Saruji ya Portland ilipewa hataza mwaka 1824, kwa jina la mwashi wa Leeds, Uingereza, Joseph Aspdin. Viwanda vya leo huchoma malighafi yake kwenye tanuri hadi karibu nyuzi joto 1,450.

Kwa mmenyuko peke yake, mfuko wa kilo 50 unahitaji maji lita 12 au 13 hivi. Fundi huongeza mengine ili mota ichoteke vizuri kwa mwiko, lakini akizidisha, ziada hiyo hutoka baadaye na kuacha matundu. Hatari ya upande wa pili haizungumzwi sana: zege lililochomwa na jua tangu asubuhi hunyonya maji ya mota, na saruji ya chini ikabaki unga usioshika kitu. Ndiyo maana zege hulowanishwa kwanza, ila lisiwe na madimbwi. Kisha mgongo wa slabu hupakwa niru, yaani saruji tupu iliyokorogwa na maji. Bei ikishushwa, niru ndiyo ya kwanza kurukwa, na kwangu mimi hakuna hatua yenye faida kubwa kuliko hiyo kwa gharama ndogo vile. Kwa vigae vya porselini, ambavyo karibu havinyonyi maji kabisa, kuiruka ni kutupa pesa.

Mota yenyewe, saruji moja kwa mchanga minne, hutandazwa eneo zima. Slabu hulazwa ikiwa juu kidogo ya kamba, kisha hugongwa kwa nyundo ya mpira mpaka ishuke sawa, pima maji ikiwa pembeni. Wapo wanaoweka madonge matano tu, manne pembeni na moja katikati. Kazi huenda mbio na saruji hubaki, lakini kati ya donge na donge pana hewa, na tairi la gari likipita hapo slabu hupasuka. Mvua nayo hujaza uwazi huo. Maji huyeyusha chokaa iliyomo ndani ya saruji, hupanda nayo juu, na ikikutana na hewa ya kaboni hugeuka madoa meupe. Mwenye nyumba husugua kwa sabuni, na wiki ijayo yamerudi.

Mteremko wa kumwaga maji, kama sentimita 1.5 kwa kila mita, unapaswa kuanzia kwenye zege lenyewe, maana ukiutafuta kwa mota utapata upande mmoja mnene na mwingine mwembamba. Ukutani nako huachwa nafasi. Baraza ya mita 10, joto lake likipanda nyuzi 30 kutoka alfajiri hadi mchana, hurefuka karibu milimita 3. Isipopata pa kwenda, slabu huinuka.

Kazi ikiisha, hufunikwa kwa magunia yaliyolowa na kumwagiliwa kwa wiki nzima. Mtu anaweza kupita baada ya siku mbili tatu, lakini gari lisubiri zaidi: wahandisi hupima nguvu ya saruji siku ya 28, na hata hapo mmenyuko bado unaendelea.