Mbingu Hazisubiri Saa Tisa Usiku

Karibu kila semina ya maombi ninayofundisha ikiisha, kuna anayenifuata mlangoni na swali lilelile: "Mchungaji, nashindwa kuamka saa tisa usiku. Hivi maombi yangu yanafika kweli?" Wengi wanaouliza ni watu wanaorudi kazini jioni wamechoka, wenye watoto wadogo na shughuli za kuanza alfajiri. Wametega kengele ya simu, wakaizima usingizini, wakaamka asubuhi wakijiona wamemkosea Mungu. Baada ya wiki chache wanaacha kusali kabisa, hata ile sala fupi waliyofundishwa utotoni. Basi leo nalijibu mbele ya wote: yanafika. Na aliyekufundisha kwamba hayafiki amekupotosha.

Fundisho lenyewe mnalijua. Husemwa kwamba saa tisa usiku milango ya mbingu huwa wazi, wachawi wako kazini, na anayelala saa hiyo ameiacha nyumba yake bila ulinzi. Mistari ya kulitetea haikosekani: Paulo na Sila waliomba na kuimba gerezani Filipi usiku wa manane, Yesu aliwaendea wanafunzi juu ya maji zamu ya nne ya usiku, kule Gethsemane aliwaagiza wakeshe. Yote yameandikwa, lakini yasomeni mpaka mwisho. Paulo na Sila walikuwa wamechapwa na miguu yao iko kwenye mkatale. Hawakuchagua saa, usiku uliwakuta mle ndani na wao wakaomba. Yesu, usiku ule wa ziwani, alikuwa mlimani akisali tangu jioni. Na Gethsemane ulikuwa usiku wa kukamatwa kwake. Hakuna hata mahali pamoja alipoagiza ratiba.

Tena twende kwenye saa zenyewe. Petro na Yohana walipopanda hekaluni saa tisa, saa ya kusali, ilikuwa saa tisa alasiri. Kornelio, yule akida wa Kaisaria, alitokewa na malaika saa tisa mchana. Kesho yake Petro alipanda darini Yafa kusali saa sita mchana, njaa inamuuma na chakula bado kinaandaliwa, na hapo ndipo alipopewa maono yaliyowafungulia Mataifa mlango wa Kanisa. Yesu alikata roho saa tisa alasiri, ndiyo maana Wakatoliki husali Rozari ya Huruma ya Mungu wakati huo. Danieli alipiga magoti mara tatu kwa siku. Moto wa Karmeli ulishuka Eliya alipoomba wakati wa dhabihu ya jioni. Kama ningetaka kutunga kanuni ya saa kutoka kwenye Biblia, alasiri ingekuwa na ushahidi mwingi kuliko usiku wa manane. Sitaitunga, kwa sababu Biblia haikuitunga.

Halafu, saa tisa ya wapi? Kigoma ikiwa saa tisa usiku, Bujumbura, Uvira na Kalemie, miji ya kandokando ya ziwa lilelile la Tanganyika, bado ni saa nane. Muumini wa Tokyo muda huohuo yuko saa tatu asubuhi, ameshaingia kazini. Mipaka ya saa imewekwa na serikali. Mungu hasikii kwa kuifuata.

Linalonikasirisha zaidi ni madhara ya fundisho hili kwa imani. Linamwondoa mtu kwenye kumtegemea Mungu anayesikia, linamweka kwenye kutegemea muda uliopangwa. Hapo sala imegeuka uganga. Mganga ndiye anayesema dawa ichimbwe usiku, kabla jogoo hajawika, na usimsalimie mtu njiani. Mkristo akishaamini kwamba ombi la saa mbili asubuhi ni dhaifu kuliko la saa tisa usiku, amerudi kwa mganga bila kutoka kanisani.

Na mwili nao ni wa Mungu. Eliya alipomkimbia Yezebeli na kulala chini ya mretemu akiomba kufa, malaika hakumwamsha ili asali. Alimwamsha ale mkate uliookwa juu ya makaa na anywe maji, akamwacha alale tena, kisha akamwamsha mara ya pili ale, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu. Mama anayenyonyesha na nesi aliyetoka zamu walale. Dereva wa basi anayesinzia kwenye usukani kwa sababu ya mkesha anahatarisha abiria wake, na huo si uchaji.

Siupingi mkesha. Yesu alisali usiku kucha kabla ya kuchagua mitume kumi na wawili. Anayeamka usiku kwa furaha yake, aendelee. Ninachokataa ni kumwambia asiyeamka kwamba Mungu hamsikii.

Sasa la kufanya. Mwaka 1535 Martin Luther alimwandikia kinyozi wake, Peter, kijitabu cha kumfundisha kusali: sala iwe kazi ya kwanza asubuhi na ya mwisho usiku, chukua Sala ya Bwana kifungu kwa kifungu, kisha amri kumi, na kwa kila amri jiulize inakufundisha nini, ushukuru nini, uungame nini, uombe nini. Siku yenye haraka, kifungu kimoja au amri moja inatosha. Mkatoliki anayo Malaika wa Bwana: asubuhi, adhuhuri na jioni. Kwenye daladala, sali kama Hana, midomo ikitikisika bila sauti. Kazini, kabla hujajibu neno gumu, fanya kama Nehemia aliyemwomba Mungu palepale mbele ya mfalme Artashasta, ndipo akafungua kinywa. Nyumbani, dakika tano na watoto kabla ya chakula cha jioni, kila mmoja ataje jambo moja. Andika majina matatu ya watu wa kuwaombea wiki hii. Asubuhi usishike simu kabla hujasali.

Zaidi ya yote, soma Zaburi moja kila siku na uigeuze kuwa sala yako. Ukikosa siku, usijitoze faini wala usisome mbili kufidia. Kesho endelea ulipoishia. Kwa miezi mitano hivi utakuwa umemaliza zote 150, na utakuwa umejifunza kumwomba Mungu ukiwa na hasira, na hofu, na aibu, na shukrani, maana zote zimo humo. Imani inayojua kusema na Mungu katika hali hizo zote ndiyo inayosimama siku ya msiba.